Namba Zinazoandikwa Siku ya Kwanza: Uendelevu Katika Kupanga Mifumo ya Programu

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, wapangaji wa miradi, mabibi na mabwana:

Kuna sentensi inayokutwa kwenye nyaraka nyingi za mahitaji ya mfumo: "Taarifa zionekane papo hapo." Kikaoni hakuna anayeipinga, maana nani anataka taarifa iliyochelewa? Inapita, inapigwa mhuri, inamfikia mtengenezaji wa programu. Naye hushika njia iliyo karibu: simu ya mtumiaji iiulize seva kila baada ya sekunde 10 kama kuna jipya.

Tupige hesabu. Kila sekunde 10, usiku na mchana, ni maombi 8,640 kwa siku kwa kila simu. Watumiaji wakiwa 20,000, seva inapokea maombi milioni 172.8 kwa siku, yaani 2,000 kila sekunde, na karibu yote hujibiwa "hakuna jipya". Upande wa simu hali ni mbaya zaidi. Redio ya simu, yaani sehemu inayowasiliana na mtandao, ikishatuma ombi hailali hapo hapo. Hubaki macho kwa sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine cha kutuma. Ukiiamsha kila sekunde 10, haipati kulala kabisa. Betri inaisha kabla ya jioni, inachajiwa mara mbili kwa siku, inachoka mapema, na mwenye simu anaambiwa simu yake imezeeka.

Sasa rudi kwa mteja umuulize swali lililorukwa: taarifa hizi hubadilika mara ngapi? Mara nyingi jibu ni "mara mbili tatu kwa siku". Basi seva itume arifa pale tu kitu kinapobadilika. Arifa zisipowezekana, kuuliza kila baada ya dakika 15 ni maombi 96 kwa siku, sehemu moja ya tisini ya yale ya mwanzo. Hapo hakuna algoriti mpya iliyobuniwa wala seva mpya iliyonunuliwa. Imebadilika namba moja kwenye karatasi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Uendelevu wa mfumo huamuliwa na namba zinazoandikwa kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo: mara ngapi, kwa muda gani, kwa haraka kiasi gani, kwenye kifaa cha umri gani. Samaki mkunje angali mbichi. Msimbo ukishaandikwa na mkataba ukishasainiwa, unabaki kukwangua kidogo hapa na kidogo pale.

Tukubaliane kwanza juu ya neno lenyewe. Mwaka 2014 watafiti waliokutana Karlskrona, Sweden, walianza kuandaa ilani ya usanifu endelevu, na ndani yake uendelevu una nyuso tano: mtu binafsi, jamii, uchumi, ufundi na mazingira. Nawaomba msiupuuze huo wa ufundi, kwa kuwa ndio husahauliwa na watu wenye nia njema kabisa kwa mazingira. Mfumo usioweza kurekebishwa hauendelei, hata ukitumia umeme wa jua mtupu. Mfano ulio wazi ni saa ya kompyuta. Mifumo inayohifadhi muda kwa namba ya biti 32, ikihesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, itafikia mwisho wa hesabu yake tarehe 19 Januari 2038. Mfumo unaopangiwa maisha ya miaka 15 leo utaivuka tarehe hiyo. Kwa mikopo na bima za muda mrefu, hesabu za malipo ya mwisho zimekwisha kuivuka.

Kuhusu mazingira, ukubwa wa jambo unajulikana. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilitumia karibu terawati-saa 415 za umeme mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kufikia 2030 matumizi hayo yatazidi mara mbili. Upande wa vifaa, taka za kielektroniki zilizozalishwa mwaka 2022 zilikuwa tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hesabu hizo mbili, umeme na vifaa, lazima zisomwe pamoja. Timu nyingi husoma ile ya kwanza tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bahati nzuri daftari lipo. Green Software Foundation, taasisi inayohimiza programu zisizochafua mazingira, ilitayarisha kanuni ya kupima ukali wa kaboni wa programu, na mwaka 2024 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 21031. Inasema hivi: chukua umeme unaotumiwa na mfumo, uzidishe kwa gramu za hewa ukaa zinazotolewa kwa kila kilowati-saa ya umeme huo, ongeza sehemu ya hewa ukaa iliyotokana na kutengeneza vifaa, kisha gawanya kwa kipimo cha kazi, kama vile muamala mmoja au mtumiaji mmoja. Kanuni hiyo hairuhusu kupunguza hesabu kwa kununua vyeti vya fidia. Naiona ni busara kubwa: namba inashuka tu pale mfumo wenyewe unapobadilika.

Tuifanye kwa mfano, namba zikiwa za kufundishia. Mfumo una seva tatu, kila moja inakula kilowati-saa 300 kwa mwezi, jumla 900. Umeme wa eneo hilo unatoa gramu 400 kwa kilowati-saa, kwa hiyo tuna kilo 360. Tuseme kutengeneza seva moja kulitoa kilo 1,200 na itatumika miaka minne: kilo 25 kwa mwezi, mara tatu, 75. Jumla kilo 435. Miamala ikiwa milioni 1.5 kwa mwezi, kila mmoja una gramu 0.29.

Sasa unganisha kazi ya seva tatu kwenye mbili. Kwa nini inasaidia? Kwa sababu seva isiyo na kazi haikai bure. Barroso na Hölzle, wahandisi wa Google, walieleza mwaka 2007 kwamba hata seva iliyotengenezwa kwa kujali umeme hula karibu nusu ya umeme wake wa juu ikiwa imekaa tu, na kwamba seva nyingi hutumia muda mwingi zikiwa na mzigo wa kati ya asilimia 10 na 50. Seva za leo zimeboreka, lakini tabia hiyo haijaisha. Kwa hiyo seva mbili zenye shughuli zinaweza kula kilowati-saa 700 badala ya 900: kilo 280, ongeza 50 za vifaa, jumla 330, gramu 0.22 kwa muamala. Zitumie miaka sita badala ya minne na unafika 0.21.

Halafu tazama kinachotokea ukihamia kwenye umeme wa gramu 50 kwa kilowati-saa, wa maporomoko ya maji au upepo kwa sehemu kubwa. Umeme unashuka hadi kilo 35 kwa mwezi, vifaa vinabaki kilo 33. Yaani umeme ukiwa safi, karibu nusu ya mzigo wote ni utengenezaji wa mashine, na kubadilisha mashine upesi kwa sababu mpya "inaokoa umeme" kunaweza kuongeza madhara. Ndiyo maana hesabu hizi hazifanywi kwa hisia.

Niseme pia mahali hesabu hii inapoharibika. Watu huchagua kipimo cha kazi kinachowapendeza. Ukigawanya kwa maombi ya mtandao, yule mwenye maombi 8,640 kwa siku ataonekana hodari kuliko wote, kwa kuwa kila ombi lake ni dogo. Gawanya kwa kitu ambacho mtumiaji alikijia: malipo yaliyokamilika, hati iliyotolewa, safari iliyofika.

Turudi kwenye namba za karatasini. Upatikanaji wa mfumo ndio hujaa tisa kuliko namba nyingine yoyote. Asilimia 99.9 inaruhusu mfumo uzimike saa 8 na dakika 46 kwa mwaka. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 53. Asilimia 99.999 inaruhusu dakika 5 na sekunde 15, na hapo mtu hawezi hata kuamka, kufungua kompyuta na kusoma onyo. Kila kitu lazima kijitibu chenyewe. Kila tisa unayoiongeza hudai mashine za akiba zinazowaka bila kazi, nakala ya hifadhidata katika eneo jingine, na mtandao wa kuzilinganisha muda wote. Mfumo wa hospitali unaofuatilia pumzi ya mgonjwa unastahili gharama hiyo. Ripoti ya mwisho wa mwezi haistahili. Kosa la kawaida ni kuandika namba moja kwa mfumo mzima. Andika namba kwa kila kazi: kupokea malipo 99.95, kutafuta kumbukumbu za mwaka jana 99, kutoa ripoti "ifikapo asubuhi".

Hilo la "ifikapo asubuhi" lina faida yake. Kazi inayoweza kungoja inaweza kupangiwa saa ambazo umeme una kaboni kidogo, au kujaza nafasi ambazo mashine zingekaa bure. Lakini msiiweke kazi yote saa sita kamili ya usiku. Kila mtu hufanya hivyo. Mzigo unaruka, seva za ziada zinawashwa kwa dakika ishirini, na faida imepotea. Ipe kila kazi dirisha la saa tano na uache programu ya kupanga kazi iitawanye.

Mazingira ya majaribio, yaani seva ambazo timu hujaribia programu, nayo yana dawa rahisi kuliko zote. Wiki ina saa 168. Timu ikifanya kazi saa 10 kwa siku tano, ni saa 50. Kuyazima saa 118 zilizobaki ni karibu asilimia 70 ya muda, kwa mstari mmoja wa ratiba. Linaloshindikana hapo kwa kawaida ni kuwasha, si kuzima: mtu aliyeweka mipangilio kwa mkono anaogopa haitarudi. Kwa hiyo dai tangu siku ya kwanza kwamba mazingira yote yajengwe kwa maelekezo yaliyoandikwa ambayo kompyuta inaweza kuyarudia. Faida ya uimara utakayoipata ni kubwa kuliko umeme uliouokoa.

Kifaa cha mtumiaji ni mahali ambapo wasanifu wa seva hawapendi kutazama, na nitakaa hapo kidogo. Chukua ukurasa wa orodha ya watu 50, kila mmoja na picha ndogo ya pikseli 120 kwa 120. Picha zilipakiwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera: pikseli 4,000 kwa 3,000, megabaiti nne kila moja. Mahitaji yalisema tu "picha ya mtumiaji ionekane". Ukurasa huo unavuta megabaiti 200 kwenye mtandao. Lakini ubaya wenyewe uko kwenye kumbukumbu ya simu. Picha ikifunguliwa, kila pikseli huchukua baiti nne. Milioni 12 mara nne ni megabaiti 48 kwa uso wa mtu mmoja. Nyuso kumi ni megabaiti 480. Simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 inagugumia, kisha programu inajifunga yenyewe. Malalamiko yanaingia, na msaada kwa wateja unajibu kutoka kwenye karatasi: tafadhali tumia simu mpya zaidi.

Hapo simu nzima yenye afya imegeuzwa taka na sentensi isiyo na kipimo. Na kwa simu, sehemu kubwa ya hewa ukaa ya maisha yake yote hutoka kiwandani, kabla haijachajiwa mara ya kwanza. Suluhisho linajulikana na kila mmoja humu: seva ipunguze picha mara moja inapopokelewa, ihifadhi kipimo cha 120 na cha 240, iitume kwa WebP au AVIF, miundo ya picha inayobana ukubwa wa faili. Kilobaiti chache kwa picha. Fungua hiyo ya 120 na ni kilobaiti 58 za kumbukumbu badala ya megabaiti 48.

Kwa sababu hiyo mahitaji yataje kifaa cha chini kabisa kwa jina la uwezo wake: kumbukumbu ya gigabaiti 2, mfumo endeshi wa miaka minane iliyopita, mtandao wa 3G. Kisha mnunue simu ya namna hiyo, iliyotumika, iwekwe mezani kwa wapimaji. Bila simu hiyo mezani, sharti ni wino tu.

Data ina namba yake: ikae kwa muda gani? Isipoandikwa, jibu huwa "milele". Mfumo unaopokea maombi 500 kwa sekunde na kuandika kilobaiti moja ya logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mfumo, kwa kila ombi unazalisha gigabaiti 43 kwa siku, terabaiti karibu 16 kwa mwaka. Zihifadhi kwa nakala tatu na ni terabaiti 47, za maandishi ambayo karibu hakuna atakayeyasoma baada ya wiki mbili. Andika: logi za kina siku 14, muhtasari wa takwimu miaka miwili, za makosa siku 90, za kisheria kwa muda ambao sheria inautaja. Uso wa mtu binafsi katika ile ilani unaingia hapa pia. Data iliyofutwa haivuji, na sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2018, GDPR, inadai data binafsi isikae kuliko inavyohitajika. Kinachokwamisha ni kwamba hifadhidata haikujengwa kwa ajili ya kufuta: rekodi zimefungamana, na kufuta moja kunavunja kumi. Gawanya majedwali makubwa kwa mwezi tangu mwanzo, ili kufuta kuwe kudondosha jedwali la mwezi mmoja mara moja, badala ya kuchambua mistari bilioni.

Kuna upotevu mwingine ambao hauonekani siku njema. Huduma A inaita B, B inaita C, C inaita hifadhidata. Kila mmoja ameambiwa: ukishindwa, jaribu mpaka mara tatu. Siku hifadhidata ikielemewa, ombi moja la mtumiaji linaifikia mara 27. Mgonjwa anayehitaji kupumzika anapigwa na kazi mara 27. Timu huongeza seva kwa hofu, na seva hizo hubaki hapo baada ya tatizo kuisha, kwa sababu hakuna anayethubutu kuziondoa. Sheria ni kujaribu tena katika ngazi moja tu, ile ya nje, kwa kusubiri kunakoongezeka maradufu na kwa nasibu kidogo ili maombi yasirudi kwa pamoja.

Kuhusu akili bandia nitapita haraka. Kabla ya kuita modeli kubwa ya lugha kwa kila ujumbe, pima kama kanuni ishirini au modeli ndogo inatosha kwa jumbe nyingi, na ile kubwa iitwe kwa zilizobaki.

Sasa lile gumu. Mfumo unaweza kuwa na msimbo safi, seva chache, umeme wa upepo, na bado ukaharibu nje ya kompyuta. Fikirieni programu ya kupeleka mizigo inayoahidi dakika 30. Ahadi hiyo ni namba kwenye skrini. Lakini ndani ya dakika 30 dereva hawezi kungoja mzigo wa pili wa njia hiyo hiyo. Anaondoka na mmoja, anarudi mtupu, na anakimbia kwenye taa za barabarani. Ongeza chaguo la "ndani ya saa mbili", liwe ndilo limechaguliwa tangu mwanzo, na mizigo mitatu inasafiri kwa safari moja. Mafuta yanayookolewa barabarani yanazidi kwa mbali umeme wa seva zote za mfumo huo. Mwaka 1865 mwanauchumi William Stanley Jevons aliona kwamba injini zilizotumia makaa vizuri zaidi ziliongeza matumizi ya makaa Uingereza, kwa kuwa kazi ilikuwa ya gharama ndogo na watu wakaizidisha. Basi kila mnapopunguza gharama ya kitu, mwulizeni mteja: watu wakikitumia mara tano ya sasa, nini kitatokea, na nani ataumia?

Swali hilo halitajiuliza lenyewe. Kiwango cha ubora wa programu, ISO/IEC 25010 cha 2023, kina sifa tisa, na uendelevu hauna nafasi yake kwa jina. Lazima muuandike ninyi. Msiandike "mfumo uwe rafiki wa mazingira", maana hakuna awezaye kulipima wala kulikataa. Andikeni: ukurasa wa kwanza usizidi kilobaiti 500, malipo moja yasizidi maombi mawili ya mtandao, simu ya gigabaiti 2 ikamilishe kazi bila kujifunga, umeme kwa kila miamala elfu uripotiwe kila mwezi. Kisha mashine inayojenga programu ipime vile vya kupimika na ikatae toleo linalovuka, kama inavyokataa toleo lenye jaribio lililofeli. Bajeti isiyozuia toleo hupandishwa kimya kimya kila wiki.

Na sharti la mwisho kuandikwa, ambalo sijui kwa nini huachwa: mfumo utazimwaje. Tajeni mmiliki wa kila seva na tarehe ya kuihakiki, ili isiyo na mwenyewe ionekane. Tajeni muundo wa wazi ambao data itatolewa nao, na ujaribuni utoaji huo kila mwaka wakati mfumo ungali hai. Siku ya kuzima ikifika, fungeni kwanza kuandika, muache kusoma kwa siku 30 huku mkitazama nani bado anagonga mlango. Ripoti ya robo mwaka haitagonga ndani ya siku 30, kwa hiyo angalieni logi za mwaka mzima kwanza. Baada ya hapo toeni kumbukumbu ya mwisho, zimeni mashine, futeni nakala rudufu kwa tarehe zake, futeni funguo na majina ya mtandao yaliyoelekezwa huko, na diski zenye afya zifutwe kwa utaratibu unaothibitika ili zitumike tena badala ya kutobolewa.

Ahsanteni. Niko tayari kwa maswali.